Shingo ya Fundi Saa

Shingo ya fundi saa ililia mara moja tu, kak, kama kijiti kikavu kilichokanyagwa, na Shangazi akatabasamu kabla hajaanza kuogopa.

Mlio ule aliujua. Kwa miaka sita alikuwa ameusikia kutoka upande wa pili wa pazia, akiwa kwenye meza yake ya mapokezi na daftari la miadi, lakini leo ulikuwa umetoka chini ya vidole vyake mwenyewe. Fundi alikuwa ameingia robo saa iliyopita, kichwa kimeinama upande mmoja kama mtu anayetega sikio mlangoni kwa jirani. Kazi ya kuinamia saa za watu kutwa nzima ilimkaza shingo, kwa hiyo kila Alhamisi saa tisa alikuja kunyooshwa. Kwenye cheti kilichotundikwa ukutani tiba yenyewe iliitwa kairopraktiki, neno ambalo mtaa mzima ulilijaribu ukashindwa, watu wakabaki kusema wanakwenda kunyooshwa kwa Tabibu. Na Tabibu leo hakuwepo. Alikuwa kwenye mkutano wa chama cha matabibu wenzake.

"Rudi kesho, fundi," Shangazi alikuwa amemwambia. "Wifi yangu atachelewa, wana mambo yao ya chama."

"Kesho nina saa za watu kumi na moja. Na kichwa kinanigonga tangu asubuhi, huku nyuma, maumivu ambayo mimi nayo hatujawahi kuonana."

"Mimi si tabibu."

"Miaka sita umekaa hapo, Shangazi. Mimi mwanafunzi wangu akifika miezi sita namwachia saa ya mteja. Au wewe ndio kichwa kigumu?"

Alisema kwa mzaha, lakini mzaha mzaha hutumbuka usaha. Shangazi hakuwa mtu wa kuambiwa ana kichwa kigumu. Aliacha shule ili mdogo wake asome, akamlea mpaka akamwoza. Mke wa mdogo wake, ndiye huyo Tabibu, alikuja na vyeti vyake, na Shangazi akapewa meza, kalamu na kazi ya kusema "karibu, kaa." Macho lakini hayakufungwa. Alijua Tabibu anasimama wapi, anashika taya vipi, anavyosubiri mgonjwa atoe pumzi ndipo ageuze. Mara nyingine, chumbani kwake, aliijaribu mikono yake kwenye mto. Wateja nao walikuwa na ugonjwa wao mwingine: bila mlio waliona hawajatibiwa. Fundi alikuwa amekuja kuchukua mlio wake wa Alhamisi na hakutaka kurudi bila huo mlio.

"Ukitoka hapa ufunge mdomo," Shangazi alimwambia.

"Mimi? Kaburi."

Sasa fundi alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda cha tiba akitabasamu. Halafu tabasamu likabaki upande mmoja wa uso, upande wa pili ukaliacha.

"Hiki chumba mbona kinazunguka?"

Shangazi alimletea maji. Nusu yake yalimchuruzika kwenye pembe ya mdomo, akayafuta kwa mkono bila kujua anafuta nini. Kijasho chembamba kilimtoka juu ya midomo. Alikaa hivyo muda, kisha akasema afadhali, akatafuta viatu vyake, akaenda mlangoni akipapasa ukuta. "Asante," alisema, na neno lilitoka zito kama la mtu aliyetoka kung'olewa jino.

Juu ya mto alikuwa ameacha lenzi yake, kile kikombe kidogo cheusi anachokibana jichoni akiwa kazini. Shangazi alikiokota, na alipoinua macho yakakutana na karatasi ya ukutani. Maswali Matano Kabla ya Kugusa Shingo. Tabibu ndiye aliyeyaandika, kwa kuwa ndiye katibu wa chama, na kila mwanachama nchi nzima alitumiwa. Shangazi mwenyewe ndiye aliyeigongomea pale. Pima presha kwanza. Kisha uliza: Una kizunguzungu? Una maumivu mapya ya kichwa au shingo? Unaona vitu viwili viwili? Una ganzi usoni au mkononi? Ulimi unakuwa mzito? Swali la pili fundi alikuwa amelijibu kabla hajaulizwa. Na chini kabisa, kwa wino mwekundu: mgonjwa akipata dalili yoyote baada ya tiba, asirudi nyumbani. Apelekwe hospitali, na hospitali iambiwe kwamba shingo imegeuzwa.

Shangazi alitoka mbio mpaka barabarani. Watu walikuwa wengi, wote wanatembea sawasawa, na fundi hakuwemo.

*

Tabibu alirudi saa kumi na mbili, ana furushi la mabango kwapani na uso uliokunjuka kama wa mtu aliyesamehewa.

"Wifi, wanakuja," alisema kabla hajavua viatu. "Kamati ya bodi ya afya. Kesho saa kumi. Katika kliniki zote wamechagua hii yetu."

Jambo lenyewe lilikuwa kubwa. Kwa miaka chama chao kilikuwa kinabisha hodi kwenye bodi kikiomba taaluma yao itambuliwe kisheria, iwe na leseni yake, ili kila mwenye chupa ya mafuta ya kukandia asijiite tabibu wa mgongo. Bila leseni hiyo, aliyesoma miaka mitano na aliyeota jana usiku kwamba ana mikono yenye baraka walikuwa kapu moja. Mtu akiumizwa sokoni, lawama zinapanda mpaka kwa Tabibu. Mpinzani wao mkubwa alikuwa daktari mkuu wa hospitali, mjumbe wa hiyo kamati, ambaye redioni aliwaita wavunja shingo.

"Mwenyekiti kasema tukivuka kesho tumevuka," Tabibu aliendelea. "Tukianguka, mlango ule tusiote tena kuubisha. Tazama bango, yametoka leo. Maneno nimeyatunga mimi."

Alilitandaza mezani. USIMPE SHINGO YAKO KILA MTU. ULIZA CHETI KWANZA.

Shangazi aliyasoma mara mbili. Lenzi ya fundi ilikuwa mfukoni mwa gauni lake na aliihisi pajani kila alipohema.

Mdogo wake alirudi kutoka karakana yake ya kuchomelea vyuma, akaambiwa habari hiyo naye. Kile kitanda cha tiba alikuwa amekiunga yeye kwa mikono yake. "Hao wajumbe walazeni kwenye kitanda changu," alisema. "Watapitisha sheria wakiwa wamelala." Wote walicheka. Shangazi alicheka mwisho, peke yake, na kicheko chake kilimshtua mwenyewe.

Tabibu alikuwa anapekua daftari la miadi. "Fundi saa hakuja leo?"

Mlango wa kusema kweli ulikuwa wazi, wa kupita ni yeye tu. Shangazi aliuona. Alifikiria kamati, akafikiria mabango, akafikiria jinsi wifi yake alivyoingia na uso ule.

"Hakuja," alisema.

"Ajabu. Yule hakosi. Ngoja nimpigie."

"Nitampigia mimi. Wewe una mambo mengi."

Alipiga akiwa jikoni, mara tatu, na mara zote tatu simu iliita mpaka ikachoka. Alikaa juu ya kigoda akiitazama. Aliogopa fundi asije akafa. Aliogopa pia, na hili ndilo lililomtia aibu zaidi, fundi asije akasema.

*

Asubuhi ya Ijumaa alisema anakwenda kununua sabuni ya kusafishia sakafu. Alipitia kibanda cha fundi. Saa tano kasoro na kibanda kimefungwa, kufuli limening'inia, na kwenye bati la mlango lilibandikwa bango la chama la mwezi uliopita lenye picha ya uti wa mgongo. Alilibandika yeye, kwa gundi yake, fundi akiwa amemshikia ngazi.

Jirani wa fundi alikuwa mshona viatu. Alikuwa ametia kiatu cha mtu kati ya magoti, hakuinua kichwa.

"Leo hufunguliwi hapo," alisema. "Mwenyewe kaanguka jana. Alifika hapa anayumba, nikamwambia fundi, umeanza lini kulewa mchana? Kumbe mtu anaumwa. Katapika, katapika, mpaka mkewe akaja na teksi."

"Wamempeleka wapi?"

"Hospitali kubwa. Wanasema tumbo, vidonda." Alikata uzi kwa meno. "Jana Alhamisi. Si huwa anapita kwenu?"

"Jana hakufika," alisema Shangazi.

Ilikuwa mara ya pili, na ilitoka nyepesi kuliko ya kwanza. Aligeuka kuondoka. Tumbo. Wanamtibu tumbo. Fundi alikuwa ameahidi kuwa kaburi, na labda ndivyo alivyofanya, au labda ulimi haukumruhusu tena kusema. Mstari mwekundu ulimrudia neno kwa neno: na hospitali iambiwe. Duniani watu waliojua shingo ile imegeuzwa walikuwa wawili, na mmoja alikuwa kitandani anapewa dawa ya vidonda vya tumbo.

Alikwenda mpaka nyumbani bila sabuni.

*

Katika chumba cha mbele cha nyumba, ndicho kliniki, Tabibu alikuwa amepanga viti nusu duara. Mashuka yalikuwa meupe, mfano wa uti wa mgongo wa plastiki umefutwa vumbi, pingili moja baada ya nyingine. Mdogo wake Shangazi alikuwa amepiga magoti anakaza nati ya kitanda.

"Sabuni iko wapi?" Tabibu aliuliza.

Shangazi alitoa lenzi mfukoni, akaiweka mezani mbele yao. Kisha akasema yote, haraka, bila kupumzika, maana alijua akipumzika hataendelea.

Tabibu aliketi kwenye kiti kimojawapo cha wajumbe.

"Uligeuza upande gani?"

"Kulia. Kichwa kilienda kulia."

"Ulipima presha?"

"Sikupima."

"Alisema kichwa kinamuuma?"

"Alisema. Kabla. Alisema huku nyuma."

Tabibu alifumba macho. Midomo ilimcheza kama mtu anayehesabu saa, na kweli alikuwa anahesabu: tangu jana saa tisa mpaka leo saa sita kasoro. "Huo ni mshipa," alisema kwa sauti ndogo. "Wanamtibu tumbo na huo ni mshipa wa damu shingoni. Ukiziba wote, ni kiharusi, wifi. Au hata hicho kiharusi hataamka kukiona."

"Subirini kwanza," alisema mdogo mtu. Alikuwa bado amepiga magoti, spana mkononi. "Nani aliyeona? Mtu yuko hospitali, madaktari wanamwangalia. Huyu ni dada yangu. Amenilea. Mkisema, watamfunga."

Tabibu alimtazama mumewe, akamtazama wifi yake. Simu ya mezani ikalia. Alikuwa mwenyekiti wa chama, anauliza kama viti vinatosha. Tabibu alimweleza kwa sentensi nne. Chumba kilikuwa kimya kiasi kwamba wote walisikia majibu.

"Katibu, nisikilize vizuri. Naomba masaa matano tu. Kamati ije, ione, iondoke. Saa kumi na moja nenda hospitali, hata mimi nitakusindikiza. Sisi ni wanachama mia na ishirini, na kila mmoja ana watoto. Kazi yako ni kuilinda taaluma hii."

"Mwenyekiti, ile karatasi ya maswali unayo ukutani kwako?"

"Ninayo."

"Mstari wa mwisho unasemaje?"

"Umeuandika wewe," mwenyekiti alisema hatimaye.

"Basi."

Aliweka simu, akavaa viatu. Mguu wa kushoto uliingia kwenye kiatu cha kulia, akavua, akaanza upya. "Mficha maradhi kifo humuumbua," alimwambia mumewe, "na haya hata si maradhi yetu. Ni ya mtu." Mume aliweka spana chini, akaenda kutafuta teksi.

*

Ukumbi wa hospitali ulinuka dawa ya kusafishia choo, na benchi zilijaa. Waliulizwa kwenye dirisha ni nani wa mgonjwa. Tabibu akasema ni tabibu wake, karani akamtazama toka kichwani mpaka miguuni. "Mkandaji?" aliuliza kwa sauti ya kusikika, na watu wa benchi la kwanza wakageuka. "Wakandaji mnaona wagonjwa saa kumi, pamoja na ndugu."

"Mwite daktari wa zamu," Tabibu alisema. "Mwambie ni shingo, si tumbo. Tafadhali, dada."

Aliyetoka hakuwa daktari wa zamu. Alikuwa daktari mkuu mwenyewe, yule wa redioni, miwani imepandishwa kwenye paji la uso. Nyuma yake alikuja mke wa fundi, khanga imemlegea begani, macho mekundu kwa kukesha.

"Katibu wa chama," daktari alisema. "Mimi na wewe si tuna miadi saa kumi? Umekuja kunichukua?"

"Mgonjwa wa vidonda vya tumbo aliyekuja jana jioni. Shingo yake iligeuzwa jana saa tisa, kwenye kliniki yangu. Alipata kizunguzungu pale pale, na uso ulilegea upande mmoja. Kabla ya hapo alikuwa na maumivu mapya ya kisogo."

Daktari aliteremsha miwani. Akasema maneno mawili kwa muuguzi aliyekuwa karibu na muuguzi akaondoka mbio. Ndipo aliporudisha macho.

"Nani aliyegeuza?"

"Kliniki ni yangu."

"Kliniki nimesikia. Nauliza mikono."

Tabibu alifungua mdomo, na Shangazi, aliyekuwa nyuma yake hatua moja, alijua neno litakalotoka. Wifi yake atasema "yangu." Atalibeba. Kwa nukta moja, Mungu amsamehe, Shangazi alitamani iwe hivyo. Moyo wake uliruka kwa faraja kama mtoto aliyesikia fimbo imempata mwenzake. Halafu akaona lilivyo. Tabibu akisema ni mikono yake, basi mikono yenye cheti ndiyo iliyomwangusha fundi, na wale mia na ishirini wataitwa wavunja shingo mpaka wazikwe. Kilichomwangusha fundi ni mtu wa mapokezi aliyechoka kuwa mtu wa mapokezi.

"Ni mimi," alisema. Aliinyoosha mikono mbele kana kwamba imeombwa ushahidi.

"Una cheti?"

"Sina."

"Nani aliyekufundisha?"

"Hakuna. Nilikuwa nachungulia kwenye pazia."

Watu wa benchi la kwanza walikuwa wameacha kuzungumza. Mke wa fundi alimsogelea mpaka Shangazi akahisi pumzi yake.

"Nilimwuliza usiku kucha," alisema. "Umekula nini, umekunywa nini, umekwenda wapi. Anatikisa kichwa tu. Wewe ulikuwa unajua."

"Nilijua."

"Tangu jana."

"Tangu jana, dada yangu."

Shangazi alingoja kofi. Mwanamke yule hakumpiga. Alijifunga khanga vizuri, akageuka, akamfuata muuguzi kwenye korido, na Shangazi akabaki na shavu lake zima linalomwasha.

Walikaa kwenye benchi. Mtu waliyemkuta pale alisogea mbali nao kidogo. Tabibu hakusogea. Kila mlango wa korido ulipofunguka, Shangazi aliinua kichwa. Polisi watakuja kupitia mlango ule, alifikiri, au mke wa fundi atatoka akipiga kelele ile ambayo kila mtu anaijua hata kabla hajaambiwa nani amekufa. Alijaribu kuomba dua akakuta anarudia maswali matano, la kwanza mpaka la tano, na kuanza tena.

Daktari mkuu alirudi saa tisa kasoro na picha kubwa mkononi. Hakuketi.

"Mshipa umechanika kwa ndani na damu imeanza kuganda. Sehemu ndogo ya ubongo nyuma imekwisha kuumia. Tumeanza dawa ya kuzuia isigande zaidi." Alimtazama Tabibu. "Jioni hii tulitaka kumruhusu aende nyumbani na vidonge vya tumbo."

"Ataishi?" Shangazi aliuliza.

"Leo, naona ndiyo. Mkono wa kulia sijui. Ulimi sijui." Kisha akamgeukia yeye, na sauti haikupanda wala kushuka. "Huenda mshipa ulikuwa umeanza kuchanika hata kabla hujamgusa. Ndiyo maana kichwa kilimuuma. Swali moja tu, mama, na angekuja kwangu kwa miguu yake."

*

Saa kumi kamati ilikuja, kwa sababu hakuna aliyeizuia. Wajumbe walikaa kwenye nusu duara ya viti, mwenyekiti wa chama kando yao, shati lake limeloa mgongoni. Shangazi alisimama kwenye meza yake ya mapokezi. Hakuambiwa akae na hakuthubutu.

Tabibu alitoa kabatini daftari la malalamiko. Chama kililichapisha mwaka uliopita ili kuionyesha bodi kwamba kinaweza kujisimamia, na tangu hapo halikuwa limeandikwa hata mstari. Gamba lake lilikuwa bado linanuka gundi. Mwenyekiti aliweka kiganja juu yake. "Si lazima iwe leo," alisema kwa upole. Tabibu alisubiri. Mwisho mwenyekiti akaondoa mkono.

Aliandika taratibu, kwa mwandiko ule ule wa karatasi ya ukutani. Lalamiko namba moja. Anayelalamikiwa: kliniki ya katibu. Kosa: kumwachia mtu asiye na mafunzo chumba cha tiba, na mtu huyo kugeuza shingo bila kupima wala kuuliza. Pale palipotakiwa jina la mlalamikaji aliweka jina lake pia, akatia sahihi mara mbili. Kisha kama katibu akaandika barua ya kufunga kliniki kwa miezi sita na kuigonga mhuri wa chama. Mhuri uliteleza, akagonga tena.

Daktari mkuu aliomba kulitazama daftari. Alisoma mpaka mwisho.

"Miaka ishirini naletewa shingo za watu," alisema. "Kutoka sokoni, kutoka vinyozini, na kutoka kwenu pia. Aliyegeuza haji. Siku zote namkuta mgonjwa, na habari imeshazikwa. Leo ni mara ya kwanza." Alilifunga. "Hilo haliwapi leseni. Lakini nitaliandika kama lilivyo."

Kamati iliahirisha uamuzi. Mwenyekiti aliondoka bila kuaga, na wanachama wawili walipiga simu jioni ile kumwambia Tabibu kwamba amewauza. Shangazi alichukua barua na gundi yake akaenda kuibandika mlangoni, juu ya bango jipya. Barua ilikaa upande. Mdogo wake alitoka, akainyoosha, akabaki amesimama karibu na dada yake. "Kama ingekuwa ni mimi nimelala pale," alisema, "ningetaka waseme." Hakuweza kumtazama.

*

Mke wa fundi hakumsamehe. Alikwenda polisi, akaandikisha, na kila Jumatatu Shangazi alitakiwa kwenda kuripoti kwenye kaunta, hajui kama safari hii atarudi. Lakini fundi aliporudi nyumbani, anatembea na fimbo, na mkono wa kulia unaosahau kilichomo ndani yake, mwanamke yule alikuja mpaka mlangoni kwa Tabibu, akasimama nje.

"Kibanda hakijifungui chenyewe," alimwambia Shangazi. "Na mimi nina kazi yangu."

Basi kila asubuhi Shangazi alifungua kibanda, akafuta meza, akaketi upande wa kulia wa fundi. Lenzi ilikaa jichoni mwa fundi, kibano kilikaa mkononi mwa Shangazi. Fundi alielekeza kwa maneno machache, yanayotoka moja moja kwa shida. Siku ya tatu kifuniko cha saa kilikataa kukaa, Shangazi akakikandamiza kwa dole gumba, anasubiri kilie.

"Usi... lazimishe," fundi alisema.

Aliondoa kidole mara moja, kana kwamba kimeungua.

Mshona viatu, pale jirani, alikuwa ameacha kumsalimia. Leo alikohoa tu. Fundi aliinamia saa kwa muda mrefu, halafu akachoka, akajinyoosha kitini, akageuza uso kuelekea barabarani kutazama nani anapita. Shingo yake ikalia. Kak.

Kibano kilimponyoka Shangazi. Skrubu ndogo zilimwagika mezani, nyingine zikabingiria chini, na yeye hakuziangalia. Alikuwa amesimama, mikono yote miwili ameificha mgongoni. Damu ilikuwa imemkimbia usoni, na fundi, kumwona vile, akacheka kwa ule upande wa mdomo uliobaki na kazi.

"Huo... wa bure," alisema.

Shangazi hakucheka. Aliinama mpaka macho yake yakawa sawa na ya fundi. "Una kizunguzungu?" aliuliza. Fundi alitaka kuendelea na mzaha, akaona uso wake, akaacha. Hana, alisema. Shangazi akauliza la pili, na la tatu, na la nne, kila moja akisubiri jibu mpaka lifike lote. Alipomaliza la tano alianza kuokota skrubu, moja baada ya nyingine, na mtu aliyeleta saa yake akasubiri nje.